Methali za Kiingereza katika mazungumzo ya kila siku: usikimbilie kutafsiri maneno, sikiliza msemaji anataka nini

MLETA MADA

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naomba mnivumilie kwa urefu wa uzi huu, kwa sababu jambo lenyewe limenigharimu, tena limewagharimu watu wengine kuliko lilivyonigharimu mimi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mkalimani wa mradi wa maji katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kilosa. Mkutano ulifanyika chini ya mwembe, wanaume wamekalia madawati yaliyoletwa kutoka shuleni, akina mama wako kwenye mikeka, na mhandisi Mwingereza amesimama mbele akiwa na ramani yake. Mzee mmoja aliyevaa koti juu ya msuli akainuka na kuuliza swali ambalo hadi leo naliona kuwa ndilo lililokuwa zito kuliko yote ya siku ile: mradi ukiisha, wageni wakaondoka, na pampu ikaharibika, fundi atalipwa na nani? Mhandisi akatabasamu, akajibu, "We'll cross that bridge when we come to it." Nami, kwa wepesi wa kijana aliyekuwa akisifiwa Kiingereza chake tangu shuleni, nikatamka: "Anasema daraja hilo tutalivuka tutakapolifikia."

Kijiji kile kimekatwa na korongo. Masika yakija na korongo likajaa, watoto wa ng'ambo hukaa nyumbani hata wiki mbili, na mama mjamzito hubebwa na vijana wanne kwenye kitanda cha kamba. Kwa hiyo walichosikia watu wale ni kwamba daraja linakuja. Vigelegele vikapigwa. Mhandisi akadhani wanamshangilia kwa ajili ya pampu, naye akapunga mkono. Tuliporudi baada ya miezi mitatu, mzee yuleyule alitungoja barabarani, akaniuliza daraja limefikia wapi, na nilipoanza kubabaika akaniambia kwa upole, "Ahadi ni deni, mwanangu."

Hasara ilikuwa ya namna mbili. Ya kwanza ni daraja ambalo halikuahidiwa na mtu yeyote. Ya pili, ambayo naiona kubwa zaidi, ni kwamba swali la pampu lilizama palepale chini ya mwembe. Mhandisi alikuwa amekataa kulijibu, naye alikataa kwa lugha ya adabu, na mimi ndiye niliyewanyima wanakijiji nafasi ya kujua kwamba wamekataliwa. Laiti ningesema, "Anasema suala hilo tusilizungumze sasa, tungoje likitokea," mzee yule angekuwa na haki na nafasi ya kujibu, "Hapana, tulizungumze leo."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiziandika methali za Kiingereza ninazozisikia zikisemwa, pamoja na hali iliyokuwapo wakati zinasemwa. Hiyo ya daraja ilikuwa tayari ikijulikana kuwa methali mwaka 1851, pale mshairi wa Marekani Longfellow alipoitaja katika utungo wake, na huko ilikuwa ikishauri watu wasijitaabishe kwa shida ambayo haijafika. Leo katika vikao hutumiwa mno kuahirisha. Maana iliyo katika kamusi ni sahihi, ila haikusaidii kujua kwamba umefungiwa mlango.

Hilo ndilo ninalotaka tulijadili. Methali za Kiingereza tunafundishwa shuleni kwa orodha: upande wa kushoto methali, upande wa kulia maana. Mwanafunzi hutoka na maana mia moja kichwani, kisha akikutana na mtu anayezisema, hajui kama anafarijiwa, anakemewa, anakataliwa au ananyamazishwa.

Nianze na mvua, kwa kuwa hapo ndipo penye mtego mkubwa kwetu. Mwingereza akikushauri uweke kitu "for a rainy day", siku ya mvua kwake ni siku ya dhiki. Akikuambia "it never rains but it pours", anasema misiba haiji mmoja mmoja, ikija huja kwa mkururo. Akikuambia "every cloud has a silver lining", anakufariji kwamba ndani ya kila baya kuna chembe ya jema. Sasa mwambie maneno hayo mkulima wa Dodoma, kwa Kiswahili, neno kwa neno, mwezi wa Desemba anapotazama mbingu kavu. Siku ya mvua kwake ni siku ya heri, mvua ikimwagika hashukuru kidogo, na wingu halihitaji kutetewa, kwa sababu dalili ya mvua ni mawingu. Methali hizi zimezaliwa katika kisiwa ambacho mvua huweza kunyesha mwezi wowote wa mwaka, na ambako jua ndilo linaloviziwa. Ndiyo maana wakasema pia "make hay while the sun shines": nyasi za mifugo zikishakatwa zinahitaji siku kadhaa za ukavu kabla ya kufungwa na kuwekwa ghalani, na mvua moja ikizikuta shambani huziozesha, chakula cha ng'ombe cha majira yote ya baridi kikawa kimepotea. Sisi tuna "udongo uwahi ungali maji", ambayo ni ya mfinyanzi, na kwake maji ndiyo fursa yenyewe. Ushauri ni mmoja, anga mbili tofauti.

Hiyo ya wingu ina jambo jingine la kupendeza. "Lining" ni bitana, ile nguo ya ndani ya koti. Picha hiyo inatokana na mshairi Mwingereza John Milton, katika mchezo wake ulioonyeshwa katika ngome ya Ludlow mwaka 1634, mahali ambapo msichana aliyepotea msituni usiku anaona wingu jeusi likigeuza nje bitana yake ya fedha kwa mwanga wa mwezi. Ukiijua bitana, methali inakaa vizuri: jema limo upande wa ndani, halionekani hadi koti lifunuliwe. Katika mazungumzo, hata hivyo, chagueni wakati. Nimeona mtu akiandikiwa maneno hayo siku ya tatu baada ya kufiwa na mkewe, naye hakumjibu aliyemwandikia tena. Kwa aliyefukuzwa kazi baada ya wiki kadhaa yanafaa, lakini msibani hayafai. Kwetu pia "baada ya dhiki faraja" haisemwi wakati jeneza liko ndani.

Sasa njoo kwenye maneno ambayo yamehama maana huku methali ikibaki palepale. "More haste, less speed" huwachanganya hata wenye lugha, maana "haste" ni haraka na "speed" leo ni kasi, na mtu huuliza haraka itapunguzaje kasi. Hapo kale "speed" ilikuwa na maana ya kufanikiwa, ya mambo kunyooka, na masalia yake yamo katika dua ya kumuaga msafiri, "Godspeed". Kwa hiyo methali ilikuwa ikisema kwamba kadiri unavyoharakisha ndivyo mafanikio yanavyopungua. Tazameni basi jinsi "haraka haraka haina baraka" inavyoikaribia maana ile ya kale kuliko Kiingereza cha sasa chenyewe kinavyoikaribia.

Namna hiyohiyo "the proof of the pudding is in the eating". "Proof" hapo ni jaribio, na "pudding" ya zamani haikuwa kitamutamu cha baada ya chakula, ilikuwa utumbo wa mnyama uliojazwa nyama, mafuta, damu na nafaka, ukafungwa na kuchemshwa. Mkenya anayejua mutura ameshaelewa: huwezi kujua kilichojazwa ndani kwa kutazama nje, mpaka ukate kipande na kukitia kinywani. Katika kikao, mtu akisema methali hii baada ya wewe kueleza mpango wako mzuri, ujue hajakataa wala hajakubali. Anangoja aone matokeo. Siku hizi wengi huifupisha kuwa "the proof is in the pudding", maneno ambayo ukiyachambua hayana maana yoyote, lakini kila mtu huyaelewa.

Kuna na ile ya farasi wa zawadi, "don't look a gift horse in the mouth". Wanaokwenda minadani wanajua kwamba mnunuzi makini humshika ng'ombe taya, akamfunua mdomo na kutazama meno ili ajue umri. Farasi ni vivyo hivyo, na kumkagua meno mbele ya aliyekupa ni kumwambia kwamba huamini ukarimu wake. Methali hii ni kongwe mno, maana Mtakatifu Jerome aliitaja kwa Kilatini yapata mwaka 400, tena akiiita methali ya watu wa kawaida. Lakini sikilizeni inavyotumika. Ofisi moja niliyoifanyia kazi ililetewa kompyuta zilizotumika, na mhasibu wetu akauliza gharama ya kuzitengeneza na kodi ya kuzitoa bandarini. Akajibiwa kwa methali hiyo, watu wakacheka, naye akakaa. Swali lake lilikuwa halali kabisa. Ukisikia methali hii imeelekezwa kwa mtu anayeuliza gharama, jua kwamba ananyamazishwa, na mwenye ujasiri anaweza kujibu kwamba hakagui zawadi, anakagua bili.

Niseme kidogo kuhusu methali zinazotamkwa nusu. Kwetu mtu akisema "haraka haraka", umati humalizia. Waingereza pia hukata, lakini hawangoji mtu amalizie. Msemaji huinua mabega na kuacha nusu ya pili hewani. "When in Rome...", yaani ukiwa Roma fanya kama Warumi, husemwa na mgeni mwenyewe, aghalabu wakati mkono wake umeshafika kwenye sahani ya chakula asichokizoea, na kwa hiyo ni kama kujihalalishia. Methali yetu ya "ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho" ni wosia anaopewa anayesafiri. Chimbuko la ile ya Roma ni wosia pia: katika karne ya 4, Augustino na mama yake Monika walipofika Milano walikuta watu hawafungi siku ya Jumamosi kama ilivyokuwa Roma, na askofu Ambrosi akamjibu Augustino kwamba yeye akiwa Roma hufunga, akiwa Milano hafungi. "Birds of a feather...", yaani ndege wenye manyoya ya namna moja huruka pamoja, nayo ikiachwa nusu, mara nyingi ni shutuma. Husemwa mtu na rafiki yake wanapokamatwa katika jambo moja, na nadra kusemwa kwa sifa. Anayeitumia katika barua ya kumsifu mwenzake na timu yake, kama nilivyowahi kusoma, anawatukana bila kukusudia.

Mwisho wa sehemu hii ni keki. "You can't have your cake and eat it" huwasumbua wanafunzi kwa sababu iliyo wazi: kama unayo keki, kwa nini usiile? Neno "have" hapo ni kubaki nayo. Ukishaila, huwezi kubaki nayo. John Heywood, aliyechapisha mkusanyiko wake wa methali za Kiingereza mwaka 1546, alianza na kula kisha kubaki nayo, na mpangilio huo ndio unaoeleweka. Baadaye mpangilio mwingine, wa kubaki nayo kwanza, ndio ulioshika. Ukale wa mpangilio huo wa kula kwanza uliwahi kuwa na uzito katika kesi ya mauaji huko Marekani. Tarehe 19 Septemba 1995 gazeti la Washington Post lilichapisha waraka mrefu wa mtu asiyejulikana aliyekuwa akituma mabomu kwa posta tangu 1978, na ndani yake aliandika methali hiyo kwa mpangilio wa kale, kula kwanza. Theodore Kaczynski alipotiliwa shaka na ndugu yake mwenyewe, wachunguzi walizikagua barua alizowahi kuiandikia familia yake na kukuta mpangilio uleule, ambao wengi wa wakati wake hawakuutumia tena. Ulikuwa ushahidi mmoja kati ya mingi, naye alikamatwa Montana mwezi wa Aprili 1996. Keki hiyohiyo ilirudi magazetini Novemba 2016, pale mpigapicha jijini London alipopiga picha karatasi iliyokuwa mkononi mwa msaidizi wa mbunge mmoja akitoka Downing Street, mtaa wa ofisi ya waziri mkuu wa Uingereza, na juu yake yamesomeka maneno ya kuwa na keki na kuila, yakihusu namna Uingereza itakavyoachana na Umoja wa Ulaya. Kwetu fisi ameshalisema: njia mbili zilimshinda. Katika maongezi methali hii ni kemeo, na mtu akikuambia hivyo katika majadiliano ya bei au mshahara, anakutaka uchague moja sasa hivi.

Nawakaribisha mchangie.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ahsante sana mwalimu kwa mada hii. Mimi nipo Unguja, kazi yangu ni mapokezi hotelini. Nilipokuwa mgeni kazini niliingia chumba cha mkutano nikiwa nimechelewa kidogo, na msimamizi wetu mzungu akanyoosha mkono kwangu na kusema kwa sauti, "Speak of the devil!" Wenzangu wakacheka. Mimi niliona nimeitwa shetani mbele ya watu, tena mwezi wenyewe ulikuwa wa Ramadhani, na kwa siku tatu nilimjibu salamu yake kwa shida. Naomba kuelezwa kama nilikosea. Vilevile mgeni mmoja aliyeomba chumba cha upande wa bahari, nikamwambia kimebaki cha upande wa bustani tu, alisema "beggars can't be choosers" kisha akachukua ufunguo. Je, aliniita mimi ombaomba, au alijiita yeye?

MLETA MADA

Ndugu yangu wa Unguja, hukukosea kuumia, kwa sababu hakuna aliyekufundisha. Maneno hayo ni nusu ya methali inayosema kwamba ukimtaja shetani hutokea. Zamani ilikuwa imani hasa, watu wakiogopa kulitamka jina hilo, na hofu ilipokwisha yakabaki maneno ya mzaha kwa mtu anayetokea wakati anatajwa. Msimamizi wako alikuwa anasema kwamba walikuwa wakikutaja, na kicheko kile yaelekea kilitokana na kusadifiana huko. Kwetu, mtu akitokea wakati anatajwa tunamwambia "una maisha marefu, tulikuwa tunakutaja sasa hivi." Jambo ni lilelile, ila wao wanamkumbuka Ibilisi na sisi tunamwombea umri. Ningekuwa mkalimani wa kikao kile, ningesema "una maisha marefu" bila kusita, na sidhani ningekuwa nimepotosha chochote. Angalizo moja: maneno hayo husemwa baina ya watu wa rika au waliozoeana. Wewe usimwambie mgeni wako wala mkubwa wako wa kazi.

Maneno ya huyo wa chumba maana yake ni kwamba ombaomba hachagui, naye alijisema mwenyewe. Alikuwa amekubali kilichopo bila kinyongo, na pengine alitaka kukuondolea wasiwasi. Methali hiyo imo kwa Heywood pia, na leo ina sheria isiyoandikwa: ukijisemea ni unyenyekevu, ukimwambia mwingine ni tusi. Mtu akiomba msaada kwako nawe ukamjibu hivyo, umemwita ombaomba waziwazi.

MCHANGIAJI WA PILI

Salaam kwenu. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, naandika kutoka Mombasa. Mada hii inagusa kazi yangu moja kwa moja, na ninaomba wasomaji waichukulie kwa uzito.

Katika kupima hali ya akili ya mgonjwa, njia moja iliyozoeleka tangu zamani ni kumpa methali aieleze. Kitabuni tulifundishwa kwa methali za Kiingereza, na mojawapo ni "a rolling stone gathers no moss". Anayejibu kwamba jiwe likibingirika halioti kuvumwani, ile mimea laini ya kijani inayotambaa juu ya mawe, basi, akaishia hapo, huandikwa kuwa fikra zake zimeshikamana na vitu vinavyoonekana tu na haziwezi kupanda kwenye maana. Kwa aliyelelewa na methali hiyo, jibu kama hilo linaweza kumwambia daktari jambo. Kwa mvuvi wa Kisauni ambaye hajawahi kuisikia, linamwambia daktari kwamba mvuvi hajawahi kuisikia. Nilimwona mzee mmoja ambaye faili lake lilikuwa na maandishi hayo. Nikamwuliza, "Baba, watu husema manahodha wengi chombo huenda mrama, wana maana gani?" Akanitazama kama mtu aliyechoka kuulizwa mambo madogo, akaanza kunieleza jinsi watoto wake watano walivyokuwa wakigombea kuamua ni hospitali gani apelekwe, kila mmoja akivuta upande wake, hadi siku nne zikapita akiwa kitandani. Sikuhitaji kuuliza methali ya pili.

Swali langu kwa mleta mada: hata hiyo ya jiwe, nimesoma maelezo mawili yanayopingana. Lipi ndilo sahihi?

MLETA MADA

Dada muuguzi, nakushukuru kwa dhati, na ningependa kila anayepima watu kwa lugha ya kigeni ausome mchango wako.

Maelezo yote mawili ni sahihi, kila moja kwa watu wake. Erasmus wa Uholanzi aliiweka methali hiyo miongoni mwa zile alizokusanya mwanzoni mwa karne ya 16, na kwa maana hiyo ya zamani kuvumwani ni kitu chema: mali, mizizi, jina zuri mahali unapoishi. Anayehamahama havipati. Ilikuwa lawama. Kisha watu, hasa Marekani, wakaanza kuona kuvumwani kuwa ni kutu ya mtu aliyekaa mahali pamoja hadi akalala, na jiwe linalobingirika likawa sifa ya aliye huru. Leo ukiisikia, mtazame usoni anayeisema na umwangalie anayesemwa. Mama mwenye kijana aliyebadilisha kazi tatu kwa mwaka anaisema kwa huzuni. Kijana huyohuyo anaweza kuisema kwa kujivuna mezani hapohapo.

Na hiyo ya manahodha inanikumbusha jambo ambalo sikuliandika mwanzo. Waingereza wana "too many cooks spoil the broth", wapishi wengi huharibu mchuzi, na hapohapo wana "many hands make light work", mikono mingi hurahisisha kazi. Wana "look before you leap", tazama kabla ya kuruka, na wana "he who hesitates is lost", anayesita hupotea. Wapo wanaoona huo ni upungufu wa methali. Mimi naona ndivyo zinavyopaswa kuwa, kwa sababu hata sisi tuna "haraka haraka haina baraka" na tuna "ngoja ngoja huumiza matumbo", na hakuna mtu mzima anayeshindwa kujua ipi ni ya leo. Mtu akikutolea mojawapo, ameshaamua upande. Methali ameitafuta baada ya kuamua.

MCHANGIAJI WA TATU

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzazi, nina binti wa kidato cha tatu huku Nakuru. Katika insha ya Kiswahili husifiwa sana kwa methali zake, na hata mtihani wa taifa huwa na insha ya methali. Akifanya vivyo hivyo katika Kiingereza, mwalimu wake humwekea mstari mwekundu na kuandika kwamba ni maneno yaliyochakaa. Je, ni kweli methali zao hazina heshima kwao? Na mtu anayefanya kazi ofisini aache kabisa kuzitumia?

MLETA MADA

Marahaba, mama. Mwalimu wa binti yako hajamwonea, ingawa ningetamani amweleze sababu. Wakati wa Heywood na wa Shakespeare, methali ilikuwa pambo la maneno ya msomi kama ilivyo kwetu leo. Katika karne ya 18 mambo yakageuka kwa watu wa tabaka la juu. Lord Chesterfield, mwanasiasa wa Uingereza, katika barua aliyomwandikia mwanawe mwaka 1749, alimwonya kwamba mtu wa hadhi hakimbilii methali, kwa sababu ni lugha ya watu wa chini. Dharau hiyo ilishuka polepole hadi madarasani. Ndiyo sababu leo mtu mzima wa Kiingereza huisema nusu, au huisema kwa kucheka kidogo, au huanza kwa kuomba radhi kwa kusema "as they say", yaani kama wasemavyo. Akiiandika nzima katika insha, msomaji huona kwamba mwandishi hakupata maneno yake mwenyewe. Kwetu, mzee akitoa methali, kikao hutulia. Binti yako ana lugha mbili zenye adabu mbili, na akizijua zote atafika mbali kuliko mwenye moja.

Kuhusu ofisini, ushauri wangu ni wa pande mbili. Za kwao zielewe zote, kwa sababu utasemwa nazo, utafarijiwa nazo na utakataliwa nazo. Katika kuandika zitumie kwa uchache. Lakini usiogope kuwapelekea za kwetu. Kiingereza hakijawahi kuona haya kupokea: farasi wa zawadi alitoka kwenye Kilatini, Roma isiyojengwa kwa siku moja ilisemwa kwa Kifaransa kabla yao, na ile yetu ya mafahali wapiganapo, zikaumia nyasi, tayari hutumika katika magazeti yao kwa mfano wa tembo wanapoandika kuhusu mataifa makubwa yanayogombana.

Niliitumia mwenyewe. Katika mradi uleule wa maji, miaka miwili baada ya kisa cha daraja, wafadhili wawili waligombania nani aweke jina lake kwenye visima, na kazi ikasimama kwa miezi mitano huku mabomba yakilala kwenye jua. Kila barua pepe ilijaa maneno ya kitaalamu ambayo hayakumtaja mtu yeyote anayekunywa maji. Niliwaandikia mstari mmoja kwa Kiingereza, kwamba kwetu husemwa mafahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na sikuongeza maelezo. Kesho yake asubuhi yule mhandisi, yuleyule aliyeahirisha swali la pampu, aliniandikia akiuliza, "Nyasi ni akina nani hasa?" Nikamtumia majina ya vijiji vitatu, idadi ya kaya katika kila kimoja, na umbali ambao akina mama wake walikuwa wakitembea kila asubuhi kufuata maji. Cha kwanza katika orodha kilikuwa kile cha korongoni.